Bunduki ya Baba Mdogo

Mimi mlango huufunga kwa mikono miwili. Mmoja hushika kitasa, wa pili huusindikiza ubao taratibu mpaka ukutane na fremu yake bila kutoa sauti. Watu wa nyumbani kwangu hapa Shella wamekwisha kunizoea, ila wageni hunitazama kama ninayeficha mtu chumbani. Wiki iliyopita mafundi wa jirani walikuwa wakipandisha mabati ya paa jipya, bati moja likawaponyoka na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza, kisu bado kiko mkononi, na mama mkwe wangu amesimama mlangoni ameshika kiuno.

"Mwanangu, kulikoni?"

"Bati limeanguka, mama."

"Bati limeanguka kwa watu. Wewe umeangukia nini?"

Nilicheka, naye akacheka, tukarudi kwenye vitunguu vyetu. Lakini siku ile sikutulia tena. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa, nikafua nguo safi, nikatoka mpaka barabarani na kurudi bila kununua kitu. Mama mkwe nilimjibu kwa kicheko tu, na swali lake lilistahili jibu. Basi wacha nikujibu wewe, kwa kuwa wewe hutanikatiza.

Nililelewa Junju, kwa bibi mzaa baba. Tulimwita Hawe, kama mabibi wa kwetu wanavyoitwa. Baba na mama walikuwa Mombasa wakitafuta riziki, nami niliachwa kwa Hawe pamoja na binamu zangu, kundi zima la watoto wenye magoti meupe kwa vumbi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, ua wake umefagiliwa mpaka unang'aa, na nyuma yake shamba la mahindi lililoteremka hadi kwenye kichaka. Mikorosho ilitugawa na jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake.

Asubuhi zetu zilianza kwa vinu. Hawe alikuwa wa kwanza kutwanga, tu, tu, tu, halafu jirani akaitikia upande wa pili wa mikorosho, halafu nyumba ya tatu, na ya nne, mpaka ukalala kitandani na kujua kwa masikio nani ameamka na nani amepitiwa na usingizi. Kisha moshi wa kuni za mkorosho, uji wa mtama, viazi vitamu vilivyofukiwa jivuni tangu jana. Mchana tulikula sima kwa mtsunga, yale majani machungu ambayo Hawe aliyatuliza kwa tui zito hata uchungu ukawa utamu wa aina yake. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nikikaa juu ya mbuzi, kuku walinizunguka wakijua wazi kwamba mkono wangu hauko thabiti na machicha mengi yataanguka chini.

Kazi yetu nyingine, sisi watoto wote, ilikuwa nyani.

Kama hukukulia shambani utadhani natania. Mahindi yakianza kukaza punje, nyani walitoka kichakani mchana kweupe, wakubwa kwa wadogo, wakakaa katikati ya mistari kama watu walioalikwa. Tulikuwa na dungu, ulingo wa miti uliosimamishwa kando ya shamba, na juu yake tulikaa kwa zamu tukipiga madebe na kupiga mayowe. Siku za kwanza walikimbia. Baadaye walisogea hatua chache na kugeuka kututazama. Mwishowe dume moja kubwa lilikaa chini ya dungu lenyewe, likamenya hindi taratibu, likatafuna huku linanikodolea macho. Na mwanamke ndiyo kabisa hawakumhofia. Hawe alikwenda na mchi begani, nao wakamwona kama anayepita njia.

"Nyani haogopi kelele," Hawe alisema. "Anaogopa maana ya kelele. Nazo zetu hazina maana."

Maana aliileta baba mdogo. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Hawe, mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, asiyeweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kunywa chai. Kikombe chake alikinywa akitembea uani. Alikuwa ameajiriwa ulinzi kwenye ranchi moja huko bara ya Malindi, akarudi nyumbani na vitu viwili vilivyotutoa macho: mke, ambaye kwetu sisi alikuwa mama mdogo, na bunduki. Katika kitongoji chote hakuwako mwingine mwenye kitu hicho. Alikuwa na kibali chake cha haki. Bwana wa ranchi alimdhamini na chifu alikuwa na habari. Bunduki yenyewe ilikuwa ya mtumba kama mashati yetu. Aliinunua kwa mzee mmoja wa Malindi aliyekuwa akihama nchi na kuuza kila kilichokuwamo nyumbani mwake, vitanda, jokofu, viti vya baraza, na hiyo bunduki.

Ilikuwa ndefu kunipita mimi. Kichakani mtutu wake ulinasa kwenye miiba, na kifyatulio chake kilikuwa kigumu hata baba mdogo alikivuta kwa kukunja uso. Kile kichuma kidogo cha kuizuia isilie bila kukusudiwa kilikuwa kimevunjika zamani. Fundi wa bunduki mwenye idhini alikuwa Mombasa, na kwake kulikuwa na kungoja. Mahindi hayakuwa na habari ya kungoja. Baba mdogo akaifunga kwa gunia na kwenda nayo Mtwapa, kwa fundi mmoja wa kuchomea mageti, mtu asiyejua kukataa kazi.

Alirudi jioni anatabasamu. Mtutu ulikuwa umekatwa, umebaki mfupi wa kubebeka kwapani. Kifyatulio kilipigwa tupa ndani kwa ndani hadi kikawa chepesi kama swichi ya taa. Na kile kichuma kilichovunjika fundi alikifanyia kingine kwa kipande cha bawaba ya dirisha.

"Fundi amenifumbua macho," baba mdogo alituambia. "Bunduki ni bomba na kitasa, basi. Watu wanaiogopa bure."

Maneno hayo tukayashika sisi watoto, tukayaimba siku nzima: bomba na kitasa, bomba na kitasa. Hawe aliitazama ile bunduki kama anavyotazamwa mkwe aliyekuja bila wazee.

Siku ya kwanza alipoifyatua hewani, nyani walitoweka kama waliomezwa na ardhi. Tulicheza ngoma juu ya dungu mpaka miti ikalia. Jirani alileta madafu, mtu mwingine akaleta samaki wa kukaanga, na Hawe, pamoja na yote, alichinja kuku. Mwaka ule mahindi yalikomaa hayajaguswa. Tulichoma, tulichemsha, tulikula mpaka mataya yakachoka, na baba mdogo alipita kati ya mistari na bunduki kwapani, watu wakimpungia mkono toka barabarani.

Kisha, msimu uliofuata, ikalia yenyewe.

Hawe alikuwa jikoni anasonga sima, mimi niko karibu naye na bakuli la nazi. Baba mdogo aliingia toka shambani, akaisimamisha bunduki sakafuni kwa kitako chake, akaegemeza mtutu ukutani, akachota maji. Mlio uliotokea sikuusikia kwa masikio, niliusikia kifuani. Makuti yalipasuka, na vumbi lote la miaka, na masizi, na viota vya mijusi, vikamwagika ndani ya sufuria ya sima. Hawe alibaki na mwiko mkononi. Baba mdogo alicheka kwanza, cheko fupi.

"Kidole changu kimeteleza," alisema.

Mimi nilikuwa namtazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kata ya maji. Hawe naye alikuwa akimtazama, na nikaona kwamba ameona.

Baada ya siku chache ikawa zamu ya jirani. Baba mdogo aliiegemeza bunduki kwenye mkorosho apate kufunga kamba ya kiatu, ikateleza kidogo tu kwenye gamba la mti. Tulisikia mlio, halafu sauti ya jirani, na safari hii sauti na mwenyewe vilifika pamoja. Alikuwa ametoka kisimani. Aliingia uani na ndoo kichwani, na kutoka ubavuni mwa ndoo maji yalikuwa yakitoka kwa mchirizi mwembamba, yakimshukia begani.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Tazameni ndoo yangu! Kwani mimi nina mkia? Mmeniona nala mahindi?"

"Nisamehe, mama," baba mdogo alisema. "Nitakupa ndoo mpya."

"Ndoo nitapewa. Leo ni ndoo. Shuka chini shubiri moja uone utanipa nini kipya."

Hakuna aliyecheka. Hawe aliitua ile ndoo kichwani mwa jirani, akamkalisha mkekani, akampa maji ya kunywa. Jirani aliyanywa yote, akaomba mengine.

Baba mdogo aliirudisha bunduki Mtwapa siku hiyohiyo. Fundi akafungua, akapiga tupa pengine, akaongeza kijichuma kingine kukaza pale alipolegeza. Ilirudi mbaya kuliko ilivyokwenda. Baba mdogo aliitia risasi kichakani ili aijaribu. Alipovuta kifyatulio haikulia. Alivuta tena, kimya. Alipotaka kuitoa ile risasi, komeo likakataa kufunguka, lilikuwa limeuma. Akaja nayo nyumbani ameibeba mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa pomoni, akaingia nayo chumba cha nyuma, akaitandikia magunia, akailaza mtutu ukielekea upande wa kichaka. Alipokuwa akiitua, ndani yake kilisikika kijisauti kidogo, tk, kama cha mjusi. Baba mdogo aliondoa mikono yake, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Tangu hapo haikuinuliwa tena.

Sasa nifahamu vizuri, rafiki yangu. Ilikuwa bunduki isiyokubali kulia ikiamrishwa, na isiyojulikana italia lini yenyewe. Risasi ilikuwa ndani na haina pa kutokea ila pale ilipoundiwa kutokea. Kuitupa baba mdogo hakuthubutu, maana kitu chenye kibali hakipotei hivihivi. Siku ya kuhakikiwa ataulizwa iko wapi. Na kuipeleka polisi ilikuwa ndiyo balaa kubwa zaidi, kwa sababu ya ule mtutu. Bunduki ya halali ikikatwa mtutu huwa haramu. Fundi hakumwambia, au hakujua, na baba mdogo alikuja kulijua hilo baadaye toka kwa rafiki yake wa ranchi, wakati kipande kilichokatwa kimeshageuka kuwa mguu wa kiti cha mtu huko Mtwapa.

Basi ikakaa. Msimu mzima ilikaa nasi, na nyumba yote ikajifunza kunyata.

Hawe alikihamisha kinu. Alikibingirisha peke yake mpaka mbali, nyuma ya mikorosho, kwa sababu alisema kila mchi ukishuka aliuona ukuta ukitetemeka. Mlango wa mbele aliutilia matambara kwenye fremu usigonge. Kukimbia uani marufuku. Kuruka kamba marufuku. Mpira wetu wa makaratasi ulipigwa marufuku na kutiwa motoni ili tusishawishike. Redio ya baba mdogo iliongea chinichini kama mgonjwa. Embe bichi likianguka juu ya makuti, sote tulisimama na vijiko hewani. Kuku mmoja akipotea, Hawe alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma kwanza, akichungulia kwa jicho moja, asije akawa ameingia kutagia kwenye yale magunia. Niliota kinyesi cha kuku juu ya chuma. Niliota mlio ambao haukufika. Nilianza kutafuna ncha za kanga yangu, na binamu yangu mmoja, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, alianza upya.

Baba mdogo ndiye aliyeteseka kuliko sote. Alizunguka. Alitoka mpaka barabarani akarudi, akaenda shambani akarudi, akasimama mlangoni mwa kile chumba na kuondoka. Nyani walikuwa wameanza kurejea. Walikuwa wameonja siku moja, ya pili, ya tatu, bila mlio. Watu barabarani walimuuliza, "Vipi, risasi zimekwisha?" naye akacheka lile cheko lake fupi.

Na mama mdogo tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

Chumba chao kilikuwa ubavuni mwa kile cha nyuma, kati yake ukuta wa udongo wa unene wa kiganja. Mchana, joto likizidi, mama mdogo alijilaza huko ubavu mmoja, mkono juu ya tumbo. Hawe alikuwa akimwamsha kila mara kwa visingizio. Njoo unichambulie kunde. Njoo unitungie uzi kwenye sindano. Njoo tukae nje kuna upepo. Mama mdogo alikuwa akitoka amejawa usingizi, akikaa mkekani na kusinzia hapohapo.

Siku moja nilikuwa nakuna nazi, Hawe anachambua mtsunga, baba mdogo anazunguka. Hawe alisema bila kuinua uso:

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe hashiki, na siku zake zimepita."

"Nifanye nini, mama? Nimekwambia. Nikiipeleka naingia nayo jela."

"Ikibaki itaingia nani?"

"Imelala ile. Mtu asiiguse tu."

"Mwanangu," Hawe alisema, na sasa aliinua uso, "mimi nimezaa wanane. Najua kitu kilicholala na kitu kinachongoja."

Baba mdogo alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona hatembei. "Subiri nivune," alisema. "Nivune, mtoto azaliwe, halafu nitajua la kufanya. Naomba hayo tu, mama."

Hawe alirudi kwenye majani yake, lakini aliyachambua vibaya, akitupa mabichi na kuweka makavu.

Asubuhi iliyofuata hakutwanga. Alioga, akavaa leso zake za kwendea mazishini, akafunga kilemba, akaniambia nimwambie mama mdogo asiingie ndani hata jua likiwa kali namna gani. Kisha akashika njia ya kwa chifu kwa miguu. Alipopita mikoroshoni jirani alimwita, naye hakugeuka.

Walikuja kabla ya adhuhuri, askari wawili na chifu mwenyewe ndani ya gari, na Hawe amekaa nyuma kati ya askari. Baba mdogo alikuwa juu ya dungu. Aliliona gari, akamwona nani aliyemo. Aliteremka taratibu, akaja uani, akasimama mbele ya mamake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Hawe.

Askari mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, alimsikiliza baba mdogo akieleza yote, na alisikiliza kwa adabu. Alitutoa sote tukakae mbali, nyuma ya mikorosho, pale kilipokuwa kinu. Hawe alimshika mama mdogo mkono na hakuuachia. Tulimwona yule askari akiingia peke yake. Alikaa sana ndani. Jasho lilinitiririka mgongoni kama sisimizi. Kisha akatokea mlango wa nyuma, ameikumbatia ile bunduki, mtutu ukiwa chini, anatembea kama anayekanyaga mayai. Alipiga magoti kwenye mchanga ailaze. Hakuitupa, hakuigonga. Aliilaza kama unavyolaza mtoto aliyepata usingizi kwa taabu.

Ikalia.

Nilikuwa tayari kifudifudi. Niliponyanyua kichwa nilimwona askari amekaa kitako mchangani, mzima, mikono yake ameiinua juu kama anayejisalimisha. Bunduki ilikuwa imegeuka kwa kishindo chake yenyewe. Chifu alikuwa akijipapasa kifua, na kuku walikuwa juu ya mti.

Tundu lilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha baba mdogo na mama mdogo. Dogo, la mviringo, kama la nyuki bumbi atoboaye boriti. Tulimfuata baba mdogo ndani, askari wa pili akiwa ameshamshika mkono. Risasi ilikuwa imepita udongoni, ikapita kwenye kitanda cha kamba, ikachana mto, sufi zikiwa bado zinaelea chumbani kama mvua isiyotaka kushuka. Ilikuwa saa ile ambayo mama mdogo hulala.

Baba mdogo alitia kidole chake kwenye lile tundu la mto. Alipopita mbele ya Hawe akipelekwa garini, aliangalia chini, naye Hawe alinyoosha mkono amguse, ukabaki hewani.

Alifungwa. Fundi wa mageti aliposakwa alisema yeye bunduki hajapata kuiona ila kwenye sinema, na hakukuwa na wa kumpinga. Mahindi nyani waliyala, tukaokota masazo. Jirani alikuja kila jioni na kunde, au muhogo, au maneno tu, na hakuitaja ndoo yake hata siku moja.

Mtoto alizaliwa baba mdogo akiwa ndani, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na sauti ya jirani. Kwetu mtoto hupewa jina na babake. Wazee wa ukoo walimwambia Hawe ataje yeye, kwa kuwa mwenye kutaja hayupo. Hawe alikataa. "Babake yuko hai," alisema. "Atamwita akirudi." Wengine walinong'ona kwamba anaogopa, kwamba mwana aliyeshtakiwa na mamake hatataka jina lolote kutoka upande ule. Basi tukamwita Kahoho, yaani kitoto, na Kahoho akakaa, akatambaa, akaota meno, hana jina.

Baba mdogo alirudi siku ya jua kali. Alikuwa amekonda zaidi, na alitembea polepole, jambo lililonitisha kuliko kukonda. Alipita mbele ya Hawe bila shikamoo. Kwetu hilo ni kama kofi. Aliingia chumbani kwake na kulala. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Alikula alichopikiwa, alilima, alimpakata mwanawe, na kwa mamake hakufungua mdomo. Hawe alimtengea chakula na kuondoka, ili amwachie nafasi ya kula.

Mimi nilidhani ni hasira. Nilimchukia kwa ajili ya Hawe. Mama mdogo ndiye aliyeniambia siku moja tukiteka maji: "Si hasira ile. Hajui aanze na neno gani."

Neno alilipata asubuhi moja, watu wamekaa uani. Wazee walikuja kuuliza habari ya jina, kwa sababu aibu ilikuwa imezidi. Baba mdogo alimnyanyua mtoto, akamweka magotini, akalitaja jina la Hawe. Jina lake lenyewe, la kuzaliwa, ambalo sisi wajukuu hatukuthubutu kulitamka. Hawe alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama. Kisha akaendelea kupepeta, haraka, mchele ukaruka nje, kuku wakaja mbio, naye hakuwafukuza.

Na unajua mila yetu. Mwanamume akimpa binti yake jina la mamake, hamwiti kwa jina lile. Humwita Mama. Jioni ile baba mdogo alisimama mlangoni na sahani ya mtoto mkononi, akaita kwa sauti ile ambayo tulikuwa hatujaisikia tangu msimu wa dungu: "Mama! Njoo ule!" Mtoto akageuka. Na kule jikoni, mwiko mkononi, Hawe naye akageuka, akasema, "Naam, mwanangu."

Walicheka mpaka Hawe akakaa chini.

Sasa Junju ni ya mageti. Kichaka kimekatwa ploti, nyani sijui walikwenda wapi, na asubuhi hakuna kinu kinachoitikia kingine. Unga unatoka dukani, na mwenye kuamka mapema humjui kwa masikio. Nyumba ya udongo ilianguka kwa mvua moja ya masika. Jirani alitangulia, na mama mdogo akamfuata. Hawe tulimzika upande ule wa mikorosho iliyosalia, baba mdogo akaingia kaburini kumpokea, na alipotoka ilibidi tumshike.

Yeye yupo, mzee sasa, bado hawezi kunywa chai akiwa amekaa. Binti yake amejenga papo hapo, anafanya kazi mjini Kilifi na kurudi kila jioni. Nikienda kuwatembelea hukaa nao barazani. Chai ikiwa tayari mzee husimama mlangoni, huita "Mama!" kwa sauti ile ile, kisha hungoja kidogo kuliko inavyohitajika. Siku hizi anageuka mmoja.